Maswali yenu: mayi ya kijani na sisi watu wa labo

SWALI: Jambo Mama. Miye niko kwa staje hapa Goma, labo moja ya mayi, kila wiki tunakwendaka ziwani na mtumbwi kuchota mayi. Juzi tulifika fasi moja pembeni, mayi ilikuwa kijani sawa rangi yenye imemwagika, tukaingia mpaka magoti, magaribi ngozi ikaanza kuniwasha na macho kuuma. Shefu anasema nisijali, eti watu wanaogaka Kivu tangu zamani. Na kwenye labo tunasagaka ile kitu ya kijani na mashini, bila maski. Ni ya kuogopa kweli? Binti wa staje, Goma

JIBU: Mwanangu, aksanti kwa kuuliza, na hii jibu umuonyeshe shefu wako pia, kwa heshima yote. Ni kweli watu wanaogaka ziwani, lakini mayi ya katikati na ule uji wa kijani wenye upepo umesukuma pembeni si kitu moja. Ile rangi mara nyingi ni sianobakteria, vijidudu vinavyoota sana mayi ikiwa na joto, imetulia, na imejaa mbolea ao uchafu wa mji. Si zote ziko na sumu, ila kwa macho hautajua gani iko nayo, njo maana unazishika zote kama zenye sumu. Kuna zenye zinatengeneza mikrosistini, hiyo inapiga maini, kuna zingine zinapiga mishipa ya fahamu. Na ngozi kuwasha na macho kuuma kisha kuingia mayi ya vile, hiyo si kitu ya kuambiwa usijali.

Sasa shika hii: watu wa labo wanachunga mikono, wanasahau pua. Sisi watu wa Goma tunajua mazuku, ile hewa mbaya haionekani na inaua mutu amelala, basi nashangaa vile tunasahau hewa tukifika kwenye mayi! Mwaka 1989 kule Rudyard Lake, Uingereza, askari vijana walifanya mazoezi ya mitumbwi na kuogelea ndani ya mayi ya kijani, wawili wakalazwa na nimonia. Na kule North Carolina, Marekani, mwanzo wa miaka ya 1990, watafiti waliokuwa wanafuga kijidudu kingine kinaitwa Pfiesteria ndani ya akwariamu za samaki walianza kusahau mambo, kichwa kuuma, vidonda kwa ngozi, na hawakukunywa ile mayi ata kidogo, wengine iliwagusa ngozi, wengine walivuta tu hewa yake.

Kwa hiyo ziwani simama upande upepo unatokea, motere iende polepole isirushe mayi kwa uso, usiingie na magoti wazi, vaa buti ndefu na glavu, funga chupa kwenye fimbo uchote kwa mbali. Beba bidoni ya mayi safi na sabuni, juu kunawia mayi ile ile ya ziwa ni kazi bure, na usile mkate ndani ya mtumbwi mbele ya kunawa. Na hapa kwetu kipindupindu nacho kinakaaka ndani ya mayi ya ziwa, wenye walikuwa Goma mwaka 1994 hawawezi kusahau, basi ata mayi ikionekana safi namna gani, nawa.

Kwenye labo njo hatari inakuwa kubwa zaidi, juu sumu nyingi inakaa ndani ya kijidudu mpaka ukipasue, na kusaga, kugandisha na kuyeyusha, kutikisa kwa nguvu, yote ni kupasua, na mashini inarusha matone madogo yenye hauoni. Fanyia ndani ya kabati lenye linavuta hewa, funika mashini, ngoja kidogo mbele ya kufungua. Ile yenye imekaushwa inakuwa unga unaoruka, maski ya kitambaa haitoshi, tafuta ile inayobana uso vizuri. Sumu safi ya chupa usiipime kwa mizani, ingiza metanoli (pombe kali ya labo, si ya kunywa) ndani ya chupa yake iyeyukie humo. Glavu ikiguswa na metanoli ibadilishe mara moja, juu inapita. Na tafazali, kuvuta mayi ya sampuli na mdomo kwa pipeti (kile kirija cha labo), nimeona vijana wanafanya, mwanangu hapana, ata siku moja. Mwagikio lipige na javeli, liache nusu saa, usichanganye na asidi.

Ukiumwa tena enda kwa daktari, umwambie wazi ulishika mayi gani na siku gani, dawa ya kuzima mikrosistini haiko, lakini atapima maini yako mapema.

SWALI: Mama, nikichemusha mayi ya kijani, si ile sumu inakufa? Mama wa Nguba, Bukavu

JIBU: Hapana dada yangu. Kijidudu kinakufa, sumu inabaki, na kuchemusha kunakipasua inamwagika ndani ya mayi. OMS, shirika la afya la dunia, inasema mayi ya kunywa kila siku isipite mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa litre. Kule Caruaru, Brazili, mwaka 1996, wagonjwa wa figo walisafishwa damu na mayi yenye sumu hii, zaidi ya 50 wakakufa. Mayi ikigeuka kijani, chota fasi ingine mpaka iondoke, na mbuzi usizinyweshe hapo.