Usinunue shamba la bondeni mwezi wa tisa

Usilipe hata hiyo laki tano ya kishika uchumba. Umeeleza kwamba umeonyeshwa ekari kumi katika kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto Kilombero, kwamba ardhi ni tambarare na udongo ni mweusi, na kwamba dalali amekupa hadi Ijumaa kwa sababu ana mteja mwingine. Kisha ukauliza kuhusu shule, maji ya kunywa, malaria, mtandao wa simu na iwapo uhamie na familia moja kwa moja. Nilisoma hadi kwenye neno "tambarare" nikasimama, kwa maana hilo ndilo neno lililonigharimu shilingi 7,980,000, na hesabu yake ninayo kwenye daftari ambalo mke wangu hataki tena kuliona mezani.

Nilinunua ekari 12 mwezi Septemba 2019, upande wa kuelekea Malinyi, kwa kiinua mgongo cha miaka 11 ya kazi ya ghalani Dar es Salaam. Siku niliyopelekwa, ardhi ilikuwa imekauka hadi ina nyufa za kuingia kiganja, pikipiki ilikimbia juu yake kama iko kwenye lami, na ng'ombe walikuwa wakitafuna mabua. Katikati ya shamba palikuwa na mti mmoja mrefu wa mvumo, na kwenye shina lake niliona mstari wa tope kavu, usawa wa kifua changu, umelizunguka shina lote kama mkanda. Nilimuuliza dalali ni kitu gani. Akanijibu bila kupepesa macho kwamba ng'ombe wakitoka kwenye matope hupenda kujikuna hapo. Nami, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikaridhika. Sijamwona hadi leo ng'ombe anayejikuna kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, na baadaye niligundua kwamba mstari huo ulikuwapo kwenye kila mti wa eneo lile, kwa usawa uleule.

Jambo ambalo sisi wa mjini hatulielewi ni kwamba maji ya bonde lile si mvua inayonyesha juu ya paa lako. Mito ya Ruhudji, Mnyera na Mpanga hutelemsha maji kutoka nyanda za juu za Njombe na Mufindi, mito midogo ya Udzungwa huongeza yake, na yote hukutana bondeni, ambako mto hauna tena mteremko wa kuyaharakisha. Kwa hiyo unaweza kuamka asubuhi yenye jua zuri, bila wingu hata moja, ukakuta mfereji uliouvuka jana kwa hatua moja umekuwa wa kuvukia kwa mtumbwi. Wenyeji hawayachukii maji hayo, kwa kuwa ndiyo yanayoleta rutuba, na mpunga wenyewe unayataka. Wanachojua wao, nisichokijua mimi, ni yatafika wapi, kwa kina gani, na yatakaa siku ngapi. Mpunga wa mbegu za kawaida ukifunikwa hadi nchani kwa wiki mbili huozea hukohuko chini.

Nililima kwa trekta, nikapiga haro, nikapanda mbegu ya mpunga ya SARO 5 mwanzoni mwa Januari. Kulima na haro kulikula shilingi 1,080,000, mbegu 480,000, vibarua wa kupanda na palizi pamoja na dawa ya magugu 1,300,000, na dungu la kulindia ndege, pamoja na chakula changu, 320,000. Jumlisha na bei ya shamba, laki nne kwa ekari. Mwishoni mwa Februari mpunga ulikuwa umefika magotini, kijani kiko sawasawa, na nilipiga picha nikawatumia wote waliosema nimerukwa na akili.

Maji yalianza kuingia wiki ya kwanza ya Machi. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya nne nilikuwa nimekaa juu ya dungu, maji yakilamba kipandio cha pili cha ngazi, na kilichoonekana cha mpunga wangu kilikuwa ncha za majani tu, kama nywele za mtu aliyezama. Ndipo nikasikia sauti ya upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ukigonga maji. Akaja mzee mmoja wa Kindamba, amesimama ndani ya mtumbwi wake, ana migono mitano ya kutegea samaki, akaupitisha katikati ya ekari ya saba na ya nane akiwa ametulia kabisa. Aliponiona alisema, "Hodi, mwanangu. Naomba kupita." Nikamkaribisha. Ulitaka nimjibu nini?

Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuna aliyeniambia, alinijibu kwamba sikumuuliza mtu, nilifika na dalali nikaondoka na dalali, na mgeni akiletwa na mwenyeji hakuna jirani anayependa kuharibu biashara ya mwenzake. Akaongeza kwamba wao walidhani nimenunua kwa ajili ya samaki.

Yule dalali nina neno naye, lakini ninao wengine wawili wa kumtangulia. Wa kwanza ni yule mhamasishaji wa kwenye simu, mwenye shati jeupe lisilojua tope, aliyenifundisha kuzidisha gunia 30 kwa ekari 12 na kupata gunia 360, akazidisha tena kwa bei ya Februari ilhali sote tunavuna Juni bei ikiwa imelala. Katika hesabu yake nzima hapakuwa na mstari wa maji, ndege wala kiboko. Wa pili ni mwenyekiti wa kitongoji aliyenigongea muhuri kwenye karatasi ya mauziano akitabasamu. Nilipokwenda ofisi ya kijiji, mtendaji aliniuliza kikao gani kilinipokea, nikabaki kuangalia dari. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo haigawi ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi yangu ilikuwa na mashahidi wawili, mmoja wao shemeji wa dalali. Tena uliza mipaka kwa makini, kwa sababu sehemu za bonde hilo ziko ndani ya Pori la Akiba la Kilombero, lililopandishwa hadhi hiyo mwaka 2023, na humo halimi mtu. Hata hivyo ya karatasi hurekebishika kwa vikao na subira. Mto hauitwi kikaoni.

Kwa hiyo fanya hivi, na usifanye lingine kabla ya hili: kodi ekari moja au mbili kwa msimu mmoja, panga chumba kijijini, na ulale huko mwezi wa tatu na wa nne. Nasema ulale, si uende kutembea na kurudi na basi la asubuhi. Angalia wenyeji wamelima wapi. Utaona kwamba hakuna mwenye shamba moja la ekari kumi; mtu ana ekari moja pembezoni mwa mlima, moja na nusu katikati, na kipande kidogo kule chini, ili mwaka wa maji mengi ale cha juu na mwaka wa ukame ale cha chini. Ukiona eneo kubwa tambarare halina mwenyeji hata mmoja, hilo ndilo ulilowekewa wewe. Dalali akisema mteja mwingine anasubiri, mwambie amuuzie. Ijumaa ikipita bonde litakuwapo palepale.

Kuhusu mtandao, tulikuwa tukipanda kichuguu kilichoko nyuma ya mashine ya kukoboa, jioni, kwa foleni.

Mimi sasa ninalima ekari tatu za kukodi, juu karibu na barabara, kwa shilingi 60,000 ekari moja kila msimu, na ninakula. Zile 12 bado ni zangu, kwa kuwa hakuna wa kuzinunua, na kumwonyesha mtu mwezi wa tisa nimeshindwa, ingawa kuna mwaka nilikaribia sana. Yule mzee bado anatega humo kila masika. Mwaka jana aliniletea kambale wawili wakubwa, wamepitishiwa ukindu kwenye matamvua, akasema hiyo ni kodi ya shamba.