Bei ya dalali na bei ya mtaa: yaliyonikuta Goba

Mkuu, umeuliza kama milioni 160 kwa nyumba ya vyumba vitatu Madale, hapa Dar es Salaam, ni bei ya eneo kweli au dalali anakupiga. Mimi niko Goba, na mwaka 2022 nusura nipigwe hivyo hivyo.

Niliambiwa milioni 185. Dalali akanionyesha matangazo ya nyumba tano za jirani, zote kati ya 170 na 200, nikaona basi, soko ndilo hilo. Kumbe zote tano zilikuwa bado zinatafuta mteja! Mbili kati yake hata bango lilikuwa limepauka kwa jua. Zile zilikuwa ndoto za wenye nyumba, hakuna aliyekuwa amelipa.

Unazotakiwa kulinganisha nazo ni zilizokwishauzwa, na hapo ndipo jasho linapotoka. Mikataba usiitegemee sana, maana wapo wanaoandika bei ndogo ili kupunguza kodi ya ongezeko la mtaji, ile asilimia 10 ya faida. Walionisaidia mimi ni mjumbe pamoja na mama mwenye duka pale mtaani, ambaye nilikunywa soda zake wiki mbili mfululizo. Kwao nikapata viwanja viwili na nyumba moja vilivyouzwa mwaka huo huo.

Kiwanja cha kwanza, mita 400, kilikwenda milioni 22, yaani 55,000 kwa mita ya mraba. Cha pili kilifika 82,000, lakini kilikuwa jirani na lami, kimepimwa na kina hati. Hicho nikakiweka pembeni, kwa sababu nyumba niliyoitaka ilikuwa ndani kabisa, chini ya mteremko, na karatasi yake ilikuwa ya mauziano tu ya serikali ya mtaa. Watu wengi hukosea hapa: wanasikia "Goba" wanadhani ni bei moja. Ukiiacha lami ukashuka bondeni, umeingia soko jingine.

Basi nikapiga hesabu. Ardhi mita 600 kwa 55,000 ni milioni 33. Nikampeleka fundi wangu (wangu, siyo wa dalali), akasema kuijenga upya nyumba ile ya mita 140 ni kama laki sita na nusu kwa mita, milioni 91. Ukuta, geti na kisima tukaweka 12. Jumla 136, tena ikiwa mpya! Ile ilikuwa na miaka tisa, bati limeanza kutu, na ukuta wa nyuma una ufa unaoingiza kidole. Tukatoa 10 za marekebisho, ikabaki 126. Ile nyumba ya jirani iliyouzwa ilikwenda 130, nikajua sijapotea.

Angalia na kodi ya pango. Mpangaji wa pale alilipa laki tano kwa mwezi, milioni 6 kwa mwaka. Kwa bei ya dalali ningesubiri miaka 30 na ushee pesa irudi.

Mthamini aliyesajiliwa nilimtumia mwishoni kabisa. Ripoti yake ina thamani mbili: ya soko, na ya mauzo ya haraka, ambayo ni ndogo zaidi na ndiyo benki huiangalia sana inapokopesha. Muuzaji akikuonyesha ripoti, uliza ni ya lini na ilifanywa kwa ajili ya nini. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) haikuambii kitu, nyumba za kawaida zote zinakatwa sawa, ya bondeni na ya barabarani.

Nilitoa ofa ya 125. Mwenye nyumba akanifukuza kistaarabu, akasema anasubiri mteja "mwenye nia". Miezi saba baadaye dalali akanipigia mwenyewe, sauti imelainika, tukamalizana kwa 131. Najua nilizidisha kidogo, mke wangu alikuwa ameshaupenda mwembe wa uani.

Hiyo ya Madale, tupe ukubwa wa kiwanja, kama kina hati, na kama gari inafika mlangoni wakati wa masika au inaachwa juu kwa watu. Bila hayo, hiyo 160 siwezi kuisemea.