Mlalamikie Mungu, Usimnyamazie

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikauacha mpaka asubuhi ili nisikujibu kwa pupa. Umeniuliza: "Mama, kila mtu ananiambia majaribu hukuza imani. Kazi nimepoteza, mimba imetoka, na sasa hata kuomba siwezi. Mbona imani yangu inapungua?"

Pole, mwanangu. Pole sana.

Hicho wanachokuambia hakiko hivyo wanavyokisema. Shida peke yake haimkuzi mtu. Nimeona watu waliotoka msibani wachungu kama shubiri, na wengine, kwa msiba ule ule, wakatoka wapole. Hata Paulo katika Warumi 5 hakuruka kutoka dhiki mpaka tumaini. Anasema dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, ndipo tumaini linakuja. Wewe bado uko kwenye dhiki, na watu wameshaanza kukudai tumaini. Waache wadai.

Kuhusu kuomba, fungua Zaburi ya 13. Ni fupi, aya 6 tu. Daudi anaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na ndani ya aya mbili za kwanza anauliza "hata lini" mara nne. Anamsema Mungu usoni! Na hayo tumeyaweka ndani ya Biblia, tunayasoma kanisani. Zaburi ya 88 ndiyo kali zaidi, maana inaishia gizani bila hata neno moja la shukrani. Ayubu naye alilalamika sura baada ya sura, huku rafiki zake wakimtetea Mungu kwa maneno mazuri mazuri. Mwishoni Mungu akawakasirikia wale rafiki, akasema hawakunena yaliyo sawa habari zake kama alivyonena Ayubu. Kwa hiyo huyo mzee aliyekuambia una imani haba, mwitikie kwa adabu kisha uendelee na safari yako. Sina zaidi la kusema juu yake, nisije nikakosa adabu mimi.

Kinachoua imani, kwa nilivyoona, ni kumnyamazia Mungu kwa hasira halafu kuvaa tabasamu la Jumapili. Ukiwa na hasira, mpelekee yeye hiyo hasira. Ukikosa maneno, kuna yule baba wa kwenye Marko 9 aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia arudi siku imani ikijaa. Alimponya mtoto wake.

Baba yako alipofariki, na mimi sikuweza kuomba. Kina mama wa kanisani walikuja jioni, wao wakaomba, mimi nikawa naitikia "Amina" tu, na siku nyingine hata hiyo Amina haikutoka. Mmoja wao hakuwa mtu wa maneno. Akifika alikuwa anakwenda moja kwa moja jikoni, anaosha vyombo vilivyolala, anafuta meza, kisha anakuja kukaa pembeni yangu na mikono yake bado ina unyevu. Mahubiri ya msiba ule nimeyasahau yote, ila yeye sijamsahau. Ndiyo maana nakusihi usijitenge. Siku ambayo huna imani, kaa karibu na walio nayo. Waimbe wao, wewe sikiliza.

Na ule, mwanangu. Ulale. Elia alipochoka mpaka akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ainuke ale, na pale kichwani pake palikuwa na mkate na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa tena ale. Mazungumzo na Mungu pale Horebu yalikuja baadaye.

Siwezi kukuahidi kwamba ukikua kiimani utapata ulichokiomba. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake, yaani taabu iliyomsumbua, uondolewe, na jibu likawa, "Neema yangu yakutosha." Mwiba ukabaki. Mimi pia baba yako sikurudishiwa. Unaniuliza, kama nami nilikua, nilijuaje? Wakati wenyewe sikujua. Nilikuja kugundua muda mrefu baadaye, nilipokwenda kwa jirani aliyefiwa na mwanawe. Zamani ningefika na aya tatu mkononi. Siku ile nilikaa naye kwenye mkeka mpaka giza likaingia, sikutamani kumfundisha chochote, na sikuogopa kilio chake. Nikaomba naye sentensi moja, nikairudia kesho yake.

Swali lako la mwisho, kama Mungu ndiye aliyekuchukulia mtoto ili akufundishe, sitalijibu kwa maandishi. Najua tu kwamba Yesu alipokuwa akienda kaburini kwa rafiki yake Lazaro alilia, na alilia akijua anakwenda kumfufua.

Jumamosi nakuja kwako. Usihangaike kupika wala kusafisha nyumba, na kama utakuwa hutaki kuongea, hatutaongea.

Mama yako