Sauti Ilitangulia, Ngoma Zikafuata

SWALI: Nimesikiliza In the End, albamu ya mwisho ya The Cranberries, bendi ya Ayalandi, iliyotoka Aprili 2019. Mwimbaji wao, Dolores O'Riordan, alikuwa ameshafariki Januari 2018. Rafiki yangu anashikilia kuwa sauti ile imetengenezwa na kompyuta, na kwamba wenzake Dolores walikuwa wanatafuta hela tu. Wewe uliyewahi kupiga dramu, unasemaje?

JIBU: Mwambie rafiki yako aliyeimba ni Dolores mwenyewe. Yeye na mpiga gitaa Noel Hogan walianza kutunga nyimbo hizo mwaka 2017, wakitumiana vipande, naye Dolores akawa anarekodi demo, yaani rekodi za majaribio. Alipofariki London, akiwa na miaka 46, demo zikabaki. Noel, nduguye Mike wa gitaa la besi na Fergal Lawler wa dramu waliomba kwanza ridhaa ya familia yake, ndipo wakaingia studio na Stephen Street, yuleyule aliyewatayarishia albamu yao ya kwanza mwaka 1993. Johanna Cranitch, aliyekuwa akizunguka nao kwenye maonyesho, aliongeza sauti za kuitikia.

Mimi ninayemfikiria zaidi ni Fergal. Studioni kwa kawaida sisi wa dramu hutangulia, halafu besi, magitaa, na mwimbaji anakuja mwishoni kuimba juu ya kazi yetu. Hapa mambo yaligeuka. Sauti ilishamaliza, haiongezi wala haipunguzi, na yeye ilibidi aifuate nyuma. Akiona mstari fulani ungenoga ukirudiwa kwa nguvu zaidi, amwambie nani?

Halafu demo ni demo. Mtu huiimba kama anayejiimbia jikoni, hajikazi, maana anajua atarudia. Kwa masikio yangu, ule utulivu umo humo, na ndio unaonifanya niirudie albamu hii kuliko zao nyingine zilizong'arishwa.

Kuhusu hela sibishani sana. Albamu huuzwa, haigawiwi sadaka. Ila walitangaza mapema kuwa hii ndiyo ya mwisho kwa jina hilo, wala hawakutafuta mwimbaji wa kuziba pengo. Bendi yetu sisi, mwimbaji alipotuacha (hakufa, alihama tu), tulipata mwingine ndani ya wiki tatu, na hata mabango hatukubadilisha.