Shangazi, nataka kukimbia, sitaki kukondeshwa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34 na kilo 96, naishi Pasua, Moshi. Kukimbia nakupenda tangu shule. Nilijiunga na klabu ya jogging, siku ya kwanza kiongozi akanisimamisha mbele ya watu akasema, "Huyu tukimkondesha tumefanya kazi." Akanirekodi nikihema, akairusha kwenye grupu la WhatsApp. Sasa nakimbia peke yangu saa kumi alfajiri watu wasinione. Wifi yangu anasema nipungue kwanza ndipo nikimbie. Nitapata wapi wenzangu wasionishangaa, na nguo za kunitosha?*
*Bonge wa Pasua*

Marahaba, mwanangu. Hilo jina umejipa mwenyewe, basi sikugombezi.

Kilichonitoa jasho ni saa kumi alfajiri. Giza hilo lina mbwa, lina mashimo, lina bodaboda isiyo na taa, na lina watu wasio na nia njema. Aliyepaswa kuona aibu ni aliyekurekodi. Subiri kupambazuke. Barabara za Shanty Town zina miti na magari si mengi. Msitu wa Rau nao unapendeza, ila peke yako usithubutu.

Wifi yako kaanzia mwisho. Presha, sukari, usingizi, vyote hupata nafuu kwa mazoezi hata mizani isiposogea. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na halikusema ni kwa wembamba tu. Pitia zahanati upime presha, na ukiona kifua kinabana au goti linavimba, simama ukamwone daktari. Hata mwembamba ningemwambia hivyohivyo.

Sasa kundi. Klabu za jogging zipo tele, fulana za rangi moja na nyimbo za mchakamchaka, wala si zote zina kiongozi kama huyo wako. Kabla hujatoa ada, uliza jambo moja: wa mwisho anabaki na nani? Uingereza kuna mbio zinaitwa parkrun, kilomita 5 za bure kila Jumamosi, zilizoanzia London mwaka 2004. Kila wiki huwapo mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kufika nyuma ya watu wote, ili mshiriki yeyote asiwe wa mwisho. Kiongozi wa Moshi akikujibu "tunapokezana kukaa nyuma", toa ada yako. Akisema "atajitahidi atufikie", au akaanza kukuuliza kilo, mshukuru uondoke. Tazama pia pale wanapopumzika. Kama wa mwisho akitokeza tu na wao wanaanza kuondoka, yeye anapumzika saa ngapi?

Ukikosa klabu ya hivyo, usikae kusubiri. Kwenye kikoba chenu au kwaya hakosekani mmoja anayetamani na anaogopa kama wewe. Wawili mnatosha. Kimbieni dakika moja, tembeeni mbili, hivyo hivyo mpaka nusu saa iishe. Usidhani ni mbio za wagonjwa: Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, amefikisha watu kwenye marathon kwa kuchanganya mbio na kutembea. Kasi yenu iwe ile inayowaruhusu kupiga umbea bila kukatisha sentensi.

Mkitaka lengo, Kilimanjaro Marathon iko hapo hapo kwenu, inaanzia na kuishia Chuo Kikuu cha Ushirika karibu na mwisho wa Februari. Ipo tangu 2003 na ina kilomita 5 ambazo wengi wanazitembea huku wanacheka na kupiga picha.

Kwenye simu, acha kufuatilia wanaouza chai za kupunguza tumbo. Mtafute Mirna Valerio, mwanamke mweusi wa Marekani mwenye mwili mkubwa, aliyekuwa mwalimu, anayekimbia milimani masafa yanayozidi marathon. Yupo pia Martinus Evans, Mmarekani mwingine mwenye mwili mkubwa anayekimbia. Mwaka 2012 daktari alimwambia apungue ama afe. Akajibu atakimbia marathon, daktari akacheka. Mwaka uliofuata akaikimbia.

Nguo nenda soko la mitumba la Memorial, mapema marobota yanapofunguliwa. Sidiria ya michezo usiipime kwa macho. Ivae juu ya fulana yako hapohapo, inua mikono, rukaruka. Mkanda wa chini ya matiti ukipanda, rudisha. Huo ndio unaobeba mzigo, mikanda ya mabegani inasaidia tu. Raba ibonyeze soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama tofali, imeshakimbiwa ikaisha, na magoti yako ndiyo yatakayolipa. Mapaja yasichubuke, vaa taiti ndefu, na ukipenda sketi juu yake, kisha paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, usingoje yawashe.

Na ile video. Mwandikie kiongozi, si kwenye grupu, kwake mwenyewe: "Hukuniomba ruhusa kunirekodi. Naomba uifute leo, uwaombe na waliopakua waifute." Usiweke emoji ya kucheka. Asipofuta, mpeleke kwa mwenyekiti wa klabu, na ada uliyolipa uidai.

Shangazi