Nyasi zinazotuunguza ndizo paa letu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini watu wanauona moto wa nyika kila kiangazi na bado hawajiandai. Naandika kutoka Bweyale, wilayani Kiryandongo, Uganda, ambako kuanzia Desemba hadi Machi haipiti jioni bila moshi kuonekana upande fulani.

Kujiandaa tunajiandaa, ila si kwa jina hilo. Mama mkwe wangu hufagia uwanja mpaka udongo unang'aa. Ukimuuliza atakwambia anaogopa nyoka. Moto nao ukifika hapo hukosa cha kula. Tatizo liko nyuma ya nyumba, hatua kumi tu, ambako nyasi ndefu zinaachwa makusudi. Ndizo za kuezekea. Hukatwa Januari zikishakauka sawasawa, na mwezi huohuo wawindaji wanawasha moto kuwatoa ndezi, wafugaji nao wanachoma ili majani mabichi yachipue. Ukizifyeka mapema moto huuogopi, lakini mvua za Aprili zitakukuta chini ya paa bovu.

Sisi mwaka mmoja tulizikata, tukafunga mafungu arobaini, tukayaegemeza kwenye ukuta wa jiko ili yasiibwe. Mwizi tulimfikiria, cheche hatukuifikiria. Jirani akachoma shamba lake saa nane mchana, na upepo ule! Nilichoona kwanza ni mwewe, kundi zima, wanadaka panzi mbele ya moshi. Halafu majivu meusi, membamba kama nyuzi, yakaanza kutua uani. Ndani tulikuwa na jerikeni mbili za maji. Tuliokoa mbuzi, godoro na gunia la ufuta. Jiko likaenda na mafungu yote.

Siku hizi mafungu tunayapanga katikati ya uwanja. Na mwisho wa Novemba, nyasi zikiwa bado na ubichi, nachoma ukanda wa hatua nane kuzunguka boma, jioni upepo ukitulia, vijana wamesimama na matawi mabichi ya kupigia moto. Kazi ya jioni mbili. Lakini mimi kiwanja ni changu. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja sioni kwa nini awalipe vibarua wamfyekee mwenye ardhi kinga ya moto.

Yule jirani bado anachoma saa nane. Nimemwomba asogeze mpaka jioni. Anasema jioni moto hauli vizuri.