Sanduku la Maoni Lililojaa Karatasi za Pipi

Sanduku letu la kwanza la malalamiko tulilifungua baada ya miezi mitano. Lilikuwa zuri, la mbao ya mninga, makufuli mawili, limeandikwa MAADILI kwa rangi nyeupe. Ndani tulikuta karatasi za pipi, risiti ya chipsi mayai na kikaratasi kilichosema: "Feni ya stoo haifanyi kazi." Basi. Kampuni ina watu zaidi ya 180, ina malori yanayokwenda mipakani, Tunduma na Rusumo, kila wiki, ina kitengo cha kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, na kwa miezi mitano hakuna aliyeona la kulalamikia isipokuwa feni.

Nilikuwa mhasibu wa hapo. Kazi ya kuanzisha programu ya maadili na uzingatiaji wa sheria (vijana wa benki wanaiita komplayansi) niliangushiwa mimi baada ya mteja mmoja wa Ulaya kututumia dodoso la kurasa kumi na nne kabla ya kusaini mkataba. Mkurugenzi alitaka tuwe na cha kujaza. Najua wengi wenu mnaanza hivyohivyo, kwa hiyo sioni haya kusema. Nilipakua mwongozo wa kampuni moja kubwa ya nje, nikabadilisha majina, tukachapa nakala, kila mfanyakazi akasaini ukurasa wa mwisho. Yote siku moja, na mchana tulikula biriani.

Aliyenieleza siri ya sanduku ni mlinzi wa geti. "Dada, mmeliweka chini ya kamera." Nikatazama juu. Kamera ilikuwepo, na skrini yake ilikuwa mezani kwa meneja wa usafirishaji, ambaye kama kungekuwa na malalamiko, nusu yangemhusu yeye.

Kuhamisha sanduku ni kazi ya dakika kumi. Kosa lililotugharimu zaidi nililifanya mimi mwenyewe, na lilikuwa la kihasibu kabisa.

Wiki mbili baada ya mafunzo, dereva wetu mmoja mtu mzima, ambaye hata Mkurugenzi humpa shikamoo, alisimamishwa mahali fulani njiani akaombwa elfu hamsini "ya maji". Akasema kampuni imekataza. Ghafla karatasi zake zikawa na shida. Akalala pale siku mbili, anakula mahindi ya kuchoma kwa hela yake. Aliporudi, ratiba ilionyesha safari ya siku sita imekuwa ya siku nane, na utaratibu wetu ulikuwa wazi: ukichelewa, posho inakatwa. Vocha ikaletwa mezani kwangu nikaisaini bila kuuliza. Jina langu liko pale mpaka leo.

Kwenye yadi ya malori habari hufika kabla ya lori. Kuanzia siku hiyo madereva walisaini fomu zangu za mafunzo huku wakitabasamu, na wakaendelea na maisha yao. Walikuwa wameshapata mafunzo yaliyo wazi kuliko yangu: anayetoa chochote analipwa posho nzima, anayekataa anakatwa.

Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi pa kuanzia, huwa siulizi kama kampuni ina mwongozo. Nauliza ni wapi mfanyakazi anapoteza hela akiwa mwaminifu. Anza hapo. Sisi ilituchukua karibu mwaka mzima kupabaini na kuparekebisha. Ucheleweshaji ulioripotiwa kwa simu saa hiyohiyo ukaacha kukatwa posho, na dereva akaanza kulipwa hela ya kula kwa kila siku aliyozuiwa. Mikataba mipya na wateja ikaandikwa siku mbili za akiba. Tukateua mtu mmoja ofisini ambaye dereva akikwama anampigia, naye anapiga kwa mkuu wa pale anaomba, kwa adabu zote, sababu ya kuzuiwa kwa maandishi. Ombi la maandishi lina nguvu za ajabu. Mara nyingi lori liliruhusiwa kabla barua haijaanza kuandikwa. Si kila mara. Mteja mmoja alituhama kwa sababu ya kuchelewa, na Mkurugenzi aliniita akanionyesha hesabu ya hasara ile bila kusema neno. Ukimshauri bosi wako kuanzisha programu hii, mwambie mapema kwamba ina gharama, na gharama hiyo iingie kwenye bajeti. Bosi aliyeambiwa kuwa maadili ni bure ataiacha programu yako kwenye hasara ya kwanza.

Yule mzee tulimrudishia posho yake, mbele ya wenzake, asubuhi kabla ya zamu. Mkurugenzi alimwomba radhi, nami nikafuata. Nadhani dakika zile tano zilifanya kazi kuliko kurasa zote nilizochapa.

Jambo la pili: kabla ya kuandika sera yoyote, keti na mtunza fedha msome vocha za miezi mitatu za zile fedha ndogondogo za ofisi, moja baada ya nyingine. Washauri wa nje watakuuzia tathmini ya vihatarishi yenye rangi nyekundu, njano na kijani, na si mbaya, lakini vocha hazina adabu ya kuficha. Kwetu yalijaa maneno kama "usumbufu", "uwezeshaji", "mawasiliano", "chai ya wageni", na lile mama yao, "kufuatilia". Nani alikuwa anafuatilia nini, Jumamosi, kwa laki tatu? Malipo halali ya serikali siku hizi hutolewa namba ya malipo, kwa hiyo mtu akikuletea "ada ya serikali" isiyo na namba wala stakabadhi, umeshajua pa kuuliza. Hatukumfukuza mtu kwa vocha za nyuma. Tulichora mstari kwenye daftari, tukasema kuanzia hapa. Wapo walioniona mlegevu kwa hilo. Lakini ukianza kwa kufukuza watu kwa jambo ambalo kampuni yenyewe ilikuwa inalilipia, hakuna atakayekuambia kweli tena.

Sasa vishoka. Kila kampuni ya mizigo inamjua "kijana wetu" wa pale nje, ambaye si mwajiriwa, hana leseni, lakini kazi inatoka. Watu hudhani hela ikipita kwa kishoka, dhambi ni yake. Wanaofikiri hivyo nawasimulia mkasa wa Standard Bank, kwa kuwa ulitokea hapahapa kwetu. Mwaka 2012 na 2013 Serikali ya Tanzania ilikuwa inatafuta mkopo wa dola milioni 600 kupitia benki hiyo ya London na ndugu yake wa Dar es Salaam, Stanbic. Ada ilipangwa asilimia 1.4, baadaye ikapanda hadi 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka, dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapa iitwayo EGMA, ambayo haukupatikana ushahidi wa kazi yoyote iliyoifanya. Machi 2013 hela iliingia, na ndani ya siku chache sehemu kubwa ikawa imetolewa taslimu.

London walikuwa na sera, tena nzuri kwenye karatasi. Hawakumchunguza EGMA, wakaona hilo ni suala la wenzao wa Dar. Tarehe 30 Novemba 2015 mahakama ya Uingereza iliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka (kesi inasimama mradi benki itimize masharti), ya kwanza ya aina yake nchini humo: benki ilibeba zaidi ya dola milioni 25 za faini na kurejesha faida, na juu yake karibu dola milioni 7 za fidia kwa Serikali ya Tanzania. Shtaka lilikuwa kushindwa kuzuia rushwa, chini ya kifungu cha 7 cha sheria yao ya 2010. Yaani hata kama hukutoa wewe, kama uliyehusiana naye alitoa na hukuwa na taratibu za kutosha, unajibu.

Ninaloupendea mkasa huu ni jinsi ulivyoibuka. Walioshtuka ni wafanyakazi wa benki hapa Dar, walipoona taslimu nyingi kiasi kile zinatoka. Wakasema, taarifa ikapanda juu, na benki ikajisalimisha yenyewe kwa mamlaka ndani ya wiki chache, jambo lililosaidia sana katika hukumu. Hakuna programu ya kompyuta iliyoshika pale. Ni watu walioona kitu, na walipokisema hawakuambiwa wanyamaze.

Kenya wamelisogeza jambo hili karibu zaidi. Sheria yao ya rushwa ya 2016 inazitaka hata kampuni binafsi ziwe na taratibu za kuzuia rushwa zinazolingana na ukubwa wake, na mwenye mamlaka akishajua au kushuku, ana saa 24 kutoa taarifa. Ukiwa na tawi Mombasa au Nairobi, usingoje dodoso la Mzungu. Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya 2015. Someni ile ya 2007 mpaka kifungu cha 25, kinachohusu rushwa ya ngono. Kampuni nyingi zinafundisha habari ya bahasha na kusahau binti aliyekuja mafunzo kwa vitendo anayeambiwa ripoti yake haitasainiwa mpaka atoke na mtu. Hilo nalo ni lako, bwana afisa maadili.

Taarifa yetu ya kwanza ya kweli ilikuja kwa simu, si kwa sanduku: matairi tunanunua kwa shemeji wa meneja, na bei inazidi ya sokoni. Swali la kwanza la Mkurugenzi lilikuwa lile la mabosi wote, "Nani kasema?" Nilikuwa nimejiandaa. Nikamjibu, "Bosi, tuangalie matairi kwanza." Ankara tatu za maduka ya Kariakoo zilitosha. Nilipokosea ni baadaye: tulichunguza wiki nne bila kumrudia aliyetupigia, naye akaamini tumemeza. Mpigie mtoa taarifa hata kama huna la kumweleza, umwambie tu kwamba bado mnaendelea.

Krismasi iliyofuata, muuza matairi mpya alituletea mbuzi. Mbuzi mzima, dume, kafungwa utepe mwekundu shingoni. Akapiga kelele kwenye maegesho asubuhi nzima huku wakuu wakijadili kama huyu ni takrima au ni kitu kingine. Mwishowe Mkurugenzi mwenyewe alitoka akaniambia nilete lile daftari la zawadi, ambalo lilikuwa tupu tangu linunuliwe, akaandika mstari wa kwanza kwa mkono wake: "Mbuzi mmoja, kutoka kwa muuza matairi." Mbuzi akapelekwa kituo cha watoto yatima, kwa barua, na muuzaji akapewa nakala.

Jumatatu yake afisa mmoja wa kitengo cha bandarini alikuja mezani kwangu akiwa na saa ya mkono kwenye bahasha. Alipewa mwaka jana, alisema, na wakala mmoja. Akauliza kama bado anaruhusiwa kuiandika.